Nyuso Nyingi, Jina Moja: Mabadiliko ya Maisha katika Picha ya Nafsi ya Everlyn Nicodemus

Mwaka 2022 National Portrait Gallery ya London iliingiza katika hazina yake Självporträtt, Åkersberga, picha ya nafsi aliyoichora Everlyn Nicodemus mwaka 1982. Picha hiyo ilisifiwa zaidi kwa kutangulia: ndiyo picha ya nafsi ya kwanza iliyochorwa kwa rangi na mwanamke mweusi kupokewa hapo. Sifa hiyo inaeleza historia ya jumba lenyewe kuliko inavyoieleza picha. Sehemu hii inahakiki picha kama tawasifu ya mabadiliko ya maisha, na inadai kuwa ishara yake kuu, yaani nyuso zinazopishana, haipaswi kufasiriwa kuwa ni nafsi iliyovunjika.

Nicodemus alizaliwa Marangu mwaka 1954, akahamia Uswidi mwaka 1973, na baadaye akasoma anthropolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Stockholm. Maonyesho yake ya kwanza yalifanyika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Miaka miwili baadaye alijichora kwa nyuso kadhaa zilizoingiliana. Kwa mujibu wa Philippe Lejeune (1975), tawasifu husimama juu ya mapatano kwamba mwandishi, msimulizi na mhusika ni mtu mmoja. Katika picha hii mapatano hayo yamo katika anwani. Bila neno Självporträtt, yaani picha ya nafsi kwa Kiswidi, mtazamaji angeweza kuona kundi la wanawake; kwa neno hilo analazimika kuwahesabu kuwa mmoja. Aidha, mahali palipotajwa ni Åkersberga, mji ulio karibu na Stockholm, wala si Marangu. Hivyo uhamaji umeingia katika picha kupitia jina lake, tena kwa lugha ya ugenini.

Msomaji wa Mamba, wilayani Same, katika mkoa uleule wa Kilimanjaro, ana njia yake ya kuufasiri mpishano huo. Huko Upareni, kama kwingineko Tanzania, mwanamke huitwa kwa jina lake kwa wazazi wake, huwa mke wa fulani ukweni, Mama Fulani baada ya kujifungua, na Bibi Fulani apatapo wajukuu. Jina jipya halifuti la zamani. Kwa siku moja, sokoni na msibani, mtu yuleyule huweza kuitikia yote. Kwa mtazamo huu, wingi wa nyuso ni hesabu ya kawaida ya maisha. Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka. Majina hayo hutolewa na wengine, nayo humtambulisha mwanamke kwa mume na mtoto. Nicodemus ameshika brashi mwenyewe, na kwa kitendo hicho anadai haki ya kuyataja mabadiliko yake bila kusubiri kutajiwa.

Shaaban Robert, katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, alisimulia maisha yake kwa mfuatano wa wakati. Picha ya Nicodemus haina kabla wala baada. Jicho haliambiwi ni uso upi uliotangulia. Hapo ndipo penye nguvu yake, na ndipo penye upungufu wake pia: inaonyesha kuwa mtu amebadilika, lakini haisemi mabadiliko hayo yalimgharimu nini. Miaka ya mwanzo ya 1990, baada ya kupata mtikisiko mkubwa wa afya ya akili, msanii alichora The Wedding, mfululizo wa picha 84. Inaelekea kuwa fremu moja haikutosha tena pale gharama ilipohitaji kusimuliwa hatua kwa hatua.

Uhakiki huu unabainisha kuwa uchunguzi wa tawasifu katika taaluma ya Kiswahili, ambao kwa kiasi kikubwa umeegemea maandishi, unahitaji kupanuliwa ufikie picha ya nafsi. Usipopanuliwa, kazi ya mzaliwa wa Marangu itaendelea kufasiriwa kwa istilahi za majumba yanayoimiliki, ilhali msamiati wa kuifasiri umo vinywani mwa jirani zake.