Heko kwa Waunda Ndege za Plastiki

Heko kwa wenye subira ya kuunganisha ndege za kivita za plastiki, hasa zile zilizokaa ndani ya boksi tangu enzi za baba zetu. Huko Kosele, karibu na Oyugis katika Nyanza, mtoto huanza kuunda ndege kwa mabua ya mahindi, waya na vibati. Vifaa ni tofauti, lakini jicho la vipimo ni lile lile.

Chukua F-5E, ndege ambayo Kenya ilianza kuipokea mwaka 1978 na ambayo maskani yake ni Laikipia, Nanyuki. Yenyewe ina urefu wa meta 14 na ushei. Kwa kipimo cha 1 kwa 72 hubaki sentimita 20. Ndani ya sentimita hizo fundi hukata kila kipande kwa kisu, husugua maungio kwa msasa hadi mshono upotee, huziba nyufa za mabawa, ndipo apulize rangi. Puani hutia kipande cha madini ya risasi, la sivyo ndege hukalia mkia. Karatasi ya nembo ikigeuka manjano kwa uzee, huibandika kwenye kioo cha dirisha ili jua liipaushe. Na jua la Nyanza halina ubahili.

Sifa kubwa zaidi ni utafiti wao. Anayetaka alama za Kenya huchimbua picha za zamani, kisha huchora alama hizo mwenyewe kwa brashi nyembamba. Hivyo historia ya anga letu imepata wahifadhi wasiodai mshahara. Hongereni, mafundi!