Kuupima Ufumbuzi wa Swali la Msuguano

Maswali ya bloku zilizofungwa kamba moja hufanana mno, kiasi kwamba wanafunzi wawili huweza kufikia tarakimu ileile, mmoja akiwa ameielewa fizikia na mwenzake amebahatisha. Kwa sababu hiyo anayetaka kupima ubora wa kazi yao hana budi kuanza kusoma juu ya ukurasa, si chini palipopigiwa mstari jibu.

Ichukuliwe bloku ya kilo 4 iliyo juu ya meza, nayo imeunganishwa kwa kamba nyepesi isiyorefuka, inayopita juu ya kapi laini, na bloku ya kilo 2 inayoning'inia. Kizigeu cha msuguano wa mwendo, yaani uwiano wa kani ya msuguano kwa kani ya mjibizo ambayo meza huisukumia bloku kwenda juu, ni 0.25, na uvutano wa dunia ni nyutoni 10 kwa kila kilo. Ufumbuzi mzuri huwa na michoro miwili ya kani, kila bloku na wake, kwa kuwa mchoro mmoja uliorundikiwa mishale yote huficha kani gani inaisukuma bloku ipi. Msuguano ni nyutoni 10, na milinganyo miwili ikijumlishwa mvutano wa kamba hujifuta, zikabaki nyutoni 10 za kuendesha kilo 6. Mchapuko, yaani badiliko la velositi kwa kila sekunde, ni mita 1.67 kwa sekunde kwa sekunde, na mvutano ni nyutoni 16.7. Aliyeandika kwamba mvutano ni nyutoni 20, sawa na uzito wa bloku inayoning'inia, ameharibu kazi yote hata kama hesabu zinazofuata ni safi, kwani bloku ambayo uzito wake umesawazishwa na kamba haiwezi kuchapuka.

Hata hivyo, kipimo kikali zaidi ni namna mwanafunzi anavyoitendea alama ya kutoa. Bloku ya mezani ikifanywa kilo 10, msuguano wa mwendo unakuwa nyutoni 25, na kanuni ileile inatoa mchapuko wa -0.42. Mwanafunzi dhaifu huandika kwamba bloku inarudi nyuma na kuipandisha ile nyingine, jambo la ajabu, maana msuguano wa meza iliyotulia huzuia mwendo lakini hauuanzishi. Mwanafunzi hodari huuliza kwanza kama bloku zilikuwa zimetulia au zilikwisha kusukumwa: zikiwa zimetulia, msuguano tuli hujipima wenyewe kuwa nyutoni 20 tu na hakuna kinachosogea, zikiwa zinakwenda kuelekea kapi, hupunguza mwendo kwa kiwango hicho cha 0.42 mpaka zisimame.

Anayeingiza eneo la nyuso katika hesabu hahitaji kusomwa sana, kwani Guillaume Amontons alikwisha kueleza mwaka 1699 kwamba msuguano hufuata mzigo wala si ukubwa wa eneo linalogusana. Kosa linalostahili uangalifu zaidi ni lile la kudhani kwamba kani ya mjibizo daima ni sawa na uzito: kamba ikiivuta bloku kwa nyutoni 20 katika pembe ya nyuzi 30 juu ya mlalo, mjibizo hupungua kwa nyutoni 10, na msuguano hupungua nao.

Umahiri hujitokeza wazi kabisa pale bloku ya tatu, ya kilo 1, inapowekwa juu ya ile ya kilo 4 ya mfano wa kwanza. Zikienda pamoja, msuguano wa mezani unakuwa nyutoni 12.5 na mchapuko 1.07, lakini mshale wa msuguano juu ya bloku hiyo ndogo unapaswa kuelekea mbele, upande wa kapi, kwa sababu hakuna kani nyingine ya mlalo inayoibeba. Wengi huuchora nyuma, wakikariri kwamba msuguano hupinga mwendo, ilhali unachopinga ni kuteleza kwa uso mmoja juu ya mwingine. Na mwanafunzi makini haishii hapo: huonyesha kwamba kizigeu cha msuguano tuli kati ya bloku hizo mbili lazima kifikie takriban 0.11, kwa kuwa kikipungua, bloku ya juu itateleza, kila moja itakuwa na mchapuko wake, na hesabu yote itaanza upya.