Saa Mbili au Sita? Jinsi Dawa ya Jicho Vivu Ilivyopimwa

Jicho vivu kwa kawaida halina kidonda wala doa. Tatizo liko kwenye ubongo, ambao umezoea kupokea picha ya jicho moja na kuipuuza ya jicho la pili, ama kwa sababu ya kengeza, ama kwa kuwa jicho moja linahitaji lenzi kali kuliko mwenzake. Tiba ya kuliziba jicho zima kwa kibandiko ilijulikana tangu karne ya 18. Kilichokosekana ni kipimo. Madaktari waliagiza kwa mazoea, huyu saa chache, yule kutwa nzima.

Mwaka 2003 kundi la watafiti wa Marekani liitwalo PEDIG lilileta jibu. Watoto 189 wa chini ya miaka 7, wenye tatizo la wastani, waligawanywa kwa kura: wengine wazibwe saa 2 kwa siku, wengine saa 6. Wote walitakiwa wafanye kazi za karibu, kama kuchora na kusoma, kwa saa 1 kila siku wakiwa na kibandiko. Aliyewapima macho hakujua mtoto yupi yuko kundi lipi. Baada ya miezi 4, kila kundi lilikuwa limepanda kwa wastani wa mistari 2.4 kwenye chati. Kwa watoto wenye tatizo kubwa, utafiti mwingine wa mwaka huohuo ulionyesha kuwa saa 6 zinatosha, hakuna haja ya kutwa.

Je, saa za ziada ni bure? Sidhani. Katika utafiti wa saa 2 na saa 6, muda wa kuvaa uliandikwa na wazazi kwenye kalenda. Watafiti wa London walipotumia kifaa cha kielektroniki kuhesabu muda halisi, walikuta watoto wanavaa kibandiko takriban nusu tu ya saa walizoagizwa. Saa 6 za kwenye karatasi huenda zilikuwa 3 usoni. Kwangu hili ndilo fundisho kubwa: agizo linalotekelezeka nyumbani lina nguvu kuliko agizo kali linalomliza mtoto mpaka mama akate tamaa.

Miwani nayo isirukwe. Mwaka 2006 PEDIG waliwapa miwani pekee watoto 84 ambao macho yao mawili yalihitaji lenzi tofauti. Zaidi ya robo walipona bila kibandiko. Kuacha pia kuna utaratibu: waliokuwa wakizibwa saa 6 au zaidi, wakaachishwa ghafla, 42% walirudi nyuma, ilhali kwa waliopunguziwa kwanza hadi saa 2 ilikuwa 14%.

Umri unabana, ingawa baada ya miaka 7 mlango haufungwi kabisa. Mzazi, mzibe mwanao jicho moja, kisha la pili. Akilia au kuusukuma mkono wako upande mmoja tu, mpeleke kwa daktari wa macho wiki hii.