Kifundo Kwanza, Shina Baadaye

Pete nyingi zinazokwama hazikukosewa kwenye jiko la sonara. Zilikosewa kabla, mtu alipozungusha uzi kwenye shina la kidole, akaukata na kuupeleka dukani. Shina ndipo pete itakapokaa, lakini ili ifike hapo lazima ipite kwenye kifundo, na kwa watu wengi kifundo ndicho kinene.

Sonara makini hutumia shada la pete za kupimia. Uzi hurefuka ukivutwa. Chuma hakina unyenyekevu huo. Sonara huanza na pete inayokwama, akapanda saizi moja moja mpaka apate inayopita kifundo kwa kusukumwa kidogo. Kisha huivuta itoke, na hapa ndipo kipimo chenyewe kilipo: ikitoka bila kukinza hata chembe, itapotelea kwenye beseni la kufulia.

Saizi huandikwa kwa namna kadhaa. Waingereza hutumia herufi, Wamarekani namba, na kiwango cha kimataifa cha ISO 8653 huhesabu mzingo wa ndani kwa milimita. Namba 7 ya Marekani ina kipenyo cha ndani cha milimita 17.3, sawa na mzingo wa 54.4. Herufi moja ya Kiingereza hadi inayofuata ni milimita 1.25 tu za mzingo. Kwa hiyo anayepima pete ya zamani kwa rula anacheza kamari: akikosea nusu milimita kwenye kipenyo, mzingo umekosewa kwa 1.57, yaani herufi nzima na ushei.

Sasa njoo kwenye benchi, maana hapa pana hesabu ambayo wanagenzi huilipia kwa fedha halisi. Tuseme ukanda una unene wa milimita 1.5 na mteja ni namba 7. Ukiukata kwa urefu wa 54.4, sawasawa na mzingo wa kidole, utapata pete inayokaribia namba 5. Chuma kikikunjwa, upande wa nje hutanuka na wa ndani hubanwa. Urefu unaobaki vilevile ni wa katikati. Basi jumlisha kipenyo cha ndani na unene, 18.8, uzidishe kwa pai: ukanda unatakiwa uwe milimita 59. Mafundi wengi huacha pete iwe ndogo kidogo makusudi, kwa kuwa nyundo kwenye mti wa chuma na msasa wa ndani vitaipanua.

Upana nao una neno. Pete ya milimita 2 hupita palipo na nyama bila kusumbua. Ya milimita 8 hukamata ngozi nyingi na kuhitaji nusu saizi zaidi, isipokuwa imeviringwa kwa ndani. Pete zenye uso mzito, kama zile za Lamu zilizopachikwa vipande vya sahani kuukuu, zina tatizo la kinyume: zikilegea kidogo tu, uso hugeuka chini ya kiganja. Hizo mimi ningezibana.

Kidole chenyewe hakitulii. Joto, chumvi na ujauzito hukivimbisha, baridi hukisinyaza. Aliyepimwa Njombe asubuhi ya Julai atailaani pete yake Dar es Salaam mwezi wa Februari. Apimwe mchana, mwili ukiwa na joto la kawaida, na apimwe tena siku nyingine.

Kosa likishatokea, dhahabu na fedha husamehe. Pete isiyo na vito hupanuliwa kidogo kwa nyundo. Kuipunguza herufi mbili ni kukata milimita 2.5 na kuunga kwa lehemu. Iliyozungushiwa vito pande zote ni taabu, kwani hakuna mahali pa kukata. Tangsteni haikatwi wala haitanuliwi. Ikikwama kwenye kidole kilichovimba, hubanwa kwa koleo maalumu mpaka ipasuke, na mwenyewe hununua nyingine.