Adimu ya Kweli na Adimu ya Kutangazwa

Muhula uliopita mwanachuo mmoja aliniandikia insha ambamo alisema kwamba kitu chochote kikiwa kichache basi huwa na thamani. Nikapiga mstari chini ya maneno yale kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni, "Si kweli," nikampa alama 9 katika 20. Hakubisha. Lakini baadaye niliona haya, maana mwalimu akanushaye bila kutoa sababu amefanya nusu ya kazi yake tu. Haya basi ndiyo maelezo niliyokuwa nikidaiwa, na mfano nitakaoutumia ni wa mashine za mchezo uitwao pinboli. Nimezichagua kwa kuwa watengenezaji wake wengi waliweka hesabu ya walizounda, na ubishi wenye hesabu haupotei hewani.

Ikiwa msomaji hajapata kuiona mashine hiyo, na aifikirie meza iliyoinama kidogo, iliyofunikwa kioo, na ndani yake gololi ya chuma ikirushwa kwa springi kisha ikiteremka huku ikigonga vigingi. Baffle Ball, iliyotoka katika kiwanda cha Gottlieb mjini Chicago mwaka 1931, haikuwa na mengi zaidi ya hayo. Mchezaji alirusha, akaomba Mungu. Mji wa New York uliipiga pinboli marufuku mwaka 1942 kwa kuiona kamari, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1976. Lakini mwaka 1947 Humpty Dumpty, ya kiwanda kile kile, ilikuja na vikono vidogo viendeshwavyo kwa umeme, ambavyo mchezaji huvichezesha kwa kubonyeza vitufe ubavuni mwa mashine. Tangu hapo jicho na mkono vikapata kazi.

Mashine za siku hizi nyingi huvikwa visa vya sinema, na hapa ndipo mhakiki anapopata la kusema. Kisa chaweza kuwa vazi tu, yaani picha zilizobandikwa juu ya meza ambayo ingekuwa ile ile hata ingebandikwa nyingine. Au chaweza kuingia katika mchezo wenyewe. Tazama The Addams Family, iliyobuniwa na Pat Lawlor na kuuzwa na Bally mwaka 1992, iliyotokana na sinema ya mwaka 1991 kuhusu jamaa wa ajabu waishio katika jumba la kutisha. Mchezaji huingia vyumba vya jumba hilo kimoja kimoja. Kabati la vitabu huzunguka na kufichua njia nyuma yake. Mkono usio na mwili hutoka sandukuni, ukainyanyua gololi kwa sumaku na kutokomea nayo. Chini ya meza mna sumaku nyingine ziipotoshazo gololi, kana kwamba nyumba yenyewe ina nia mbaya. Tena kuna wakati ambapo mashine hukichezesha kikono yenyewe, ikakosa, ikajirekebisha, ikapiga tena. Hapo kisa na mchezo vimekuwa kitu kimoja. Huwezi kuvitenganisha ila kwa kuviharibu vyote viwili.

Sasa, mashine hiyo si adimu hata kidogo. Ziliundwa 20,270. Mwaka 1994 kiwanda kilitoa nyingine 1,000 zenye mapambo ya dhahabu, na mpaka leo wanunuzi huzigombea hizo 1,000, ingawa mchezo wenyewe ni karibu ule ule. Wanagombea rangi.

Desturi hiyo imekua. Kampuni ya Stern hutoa kisa kimoja kwa daraja kadhaa, na daraja la juu huwa na kibati chenye namba. Mwaka 2016 ilipotoa Batman 66, daraja la juu kabisa liliwekewa kikomo cha mashine 80. Sisemi kwamba ni mashine mbaya. Nasema kwamba ile 80 iliamuliwa mezani, kabla mnunuzi hajagusa kitufe, na kwamba aliyenunua ya daraja la chini hakunyimwa furaha kubwa ya mchezo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijui wangekiitaje kizuri kinachojitembeza.

Kuna uchache mwingine, usiopangwa na mtu. Capcom ilipofunga idara yake ya pinboli mwaka 1996, Kingpin zilikuwa zimeundwa 9 tu, na Big Bang Bar 14. Cactus Canyon ya mwaka 1998 ilikatizwa kwenye 903, na kanuni za mchezo wake hazijakamilika, kwa kuwa mafundi walihamishiwa kazi nyingine. Nadhani mwanachuo wangu angesema, hizi basi ndizo adimu za kweli. Lakini Big Bang Bar iliundwa upya muongo mmoja baadaye, na Cactus Canyon ikaundwa upya mwaka 2021. Aliyeithamini kwa uchache wake alipoteza kitu siku hiyo. Aliyeithamini kwa mchezo wake alipata wenzake wa kucheza nao.

Mimi naitazama The Pinball Circus ya Williams, ya mwaka 1994, ambazo ziliundwa 2 tu. Hiyo haikulala kama meza. Ilisimama wima, na gololi ilipanda daraja baada ya daraja kama mwanasarakasi apandaye ngazi. Ilikuwa ghali mno kuiunda kwa wingi, kiwanda kikaiacha. Zikiharibika hizo mbili, si picha wala kibati kitakachopotea, bali namna nzima ya kucheza ambayo viwanda havikuirudia. Kwa kipimo hicho, Batman yenye namba 1 katika 80 ikiungua moto leo, mmiliki atalia, lakini mchezo utaendelea kuchezwa nyumba ya pili.

Daftari la mwanachuo yule bado liko mezani kwangu. Nimeifuta ile 9 na kuandika 11. Alama mbili za nyongeza ni zake kwa haki, kwani lau The Pinball Circus zingeundwa 20,270, nami nisingekuwa na la kuhofia.