Sifa za Fundi Chokaa wa Brighton

Nyumba za safu zilizojengwa Brighton na Hove, kusini mwa Uingereza, kuanzia miaka ya 1820 husifiwa kwa sura zake za mbele: lipu ya rangi ya krimu, madirisha yaliyobinuka kuelekea baharini, roshani za chuma. Sifa huwaendea wasanifu kama Charles Busby, aliyechora mtaa wa Brunswick. Nami nampa heshima yake, lakini fungu kubwa zaidi ni la mafundi wa chokaa. Banduo moja tu la lipu hiyo laonyesha kwamba nyuma yake mara nyingi hakuna jiwe la kuchongwa, bali kile wenyeji wakiitacho bungarushi: mawe ya gumegume, matofali yaliyovunjika, kokoto za ufukweni, vyote vimeshindiliwa pamoja na chokaa katikati ya mbao zilizosimamishwa pande mbili. Ni kifusi! Na kifusi hicho kimebeba ghorofa nne na zaidi, mbele ya upepo wa chumvi, kwa karibu miaka 200.

Wapo wanaosema huu ni ulaghai. Mhakiki wa sanaa John Ruskin, mwaka 1849, aliuita uongo ule mtindo wa kupaka lipu juu ya matofali na kuichora mistari ili ionekane jiwe, na mistari hiyo ipo kweli Brunswick. Siitetei mistari. Natetea lipu yenyewe, kwa kuwa haikuwekwa pale kwa urembo tu. Bungarushi hunywa maji. Lipu ya chokaa huyazuia mengi, na yanayopenya huyaachia yatoke tena kama mvuke. Ushahidi umeletwa na waliokuja kukarabati kwa saruji: unyevu ukanaswa ndani, chokaa ya ukuta ikalegea, mbao zikaoza. Waashi wa Lamu na Unguja, wanaojenga kwa matumbawe na chokaa, wanaujua msiba huo vizuri. Basi lipu ni kiungo cha ukuta, wala si barakoa yake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba nyumba hizi zilijengwa kwa haraka na kwa tamaa ya faida. Ni kweli. Thomas Read Kemp, aliyeanzisha mtaa wa Kemp Town huko Brighton, aliikimbia nchi mwaka 1837 kwa madeni. Na watumishi walipikia chini ya usawa wa barabara ili wakubwa wakae juu wakitazama bahari. Lakini ubahili wa mwekezaji haumpunguzii fundi hadhi. Aliyepewa kifusi badala ya jiwe ndiye aliyehitaji kujua zaidi: kiasi cha chokaa, wakati wa kushindilia, siku za kungoja. Leo wanaokarabati nyumba hizi kwa uangalifu hung'oa saruji na kurudisha chokaa, tabaka juu ya tabaka, na tabaka la pili halipakwi mpaka la kwanza lishike.