Stelingi Hafi, Lakini Apigwe

Vijiweni tuna msemo: stelingi hafi. Risasi mia zitampita, gari litabiringika, jengo litalipuka, na bado utamwona anatoka kwenye moshi akijikung'uta vumbi. Kwa msemo huo huo wako wenzetu, watu wa fasihi nzito, wanaohukumu kila hadithi ya mapigano kabla hawajaifungua. Kama stelingi hafi, wanasema, hofu iko wapi? Na kama hakuna hofu, hadithi iko wapi? Hoja hiyo naipinga, na shahidi wangu ni picha moja ya mwaka 1980: The Empire Strikes Back.

Hii ni sehemu ya pili ya Star Wars, aliyoitoa George Lucas mwaka 1977. Ni hadithi ya vyombo vya angani, panga za mwanga na waasi wachache wanaopigana na Dola kubwa. Waingereza na Wamarekani aina hii huiita space opera, na jina lenyewe lilianza kama tusi. Mwandishi Wilson Tucker alilitunga mwaka 1941 kuzidharau hadithi za anga zilizoandikwa ovyo ovyo, akizifananisha na michezo ya redio iliyodhaminiwa na wauza sabuni. Tusi la namna hiyo hata sisi tunalijua. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa wamesomwa mpaka kurasa zikachanika, lakini wataje mbele ya watu fulani uone: utatazamwa kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Sasa, sehemu ya pili ina ugonjwa wake. Ya kwanza ilipendwa, basi mtunzi anapika chungu kile kile na kuongeza chumvi. Adui mmoja wanakuwa watatu, mlipuko mmoja unakuwa kumi. Picha hii, iliyoongozwa na Irvin Kershner, ilifanya kinyume. Ya kwanza iliisha kwa ushindi na medali shingoni. Ya pili inaanza na washindi hao hao wamejificha kwenye sayari ya barafu, wanatetemeka. Na pigano kubwa, lile ambalo mtunzi mwingine angeliweka mwisho, limewekwa karibu na mwanzo. Tena wanashindwa.

Litazame vizuri pigano hilo. Dola inaleta mitambo ya chuma inayotembea kwa miguu minne, mirefu kama ghorofa. Waasi wanajua hawaiwezi. Wanapigana ili kuchelewesha tu, vyombo vya wenzao vipate nafasi ya kuondoka. Hapo ndipo utamu ulipo, bwana. Tunajua wanachotaka, tunajua muda ni mchache, kwa hiyo kila mtambo unaopiga hatua moja mbele unatuuma. Risasi za bunduki hupitwa na moshi wake. Kinachobaki moyoni ni lile lengo lililokuwa linaponyoka.

Kisha inaanza mbio. Chombo cha Han Solo kina mtambo wa kukimbia kasi kupita mwanga, ila umeharibika. Huo ubovu mmoja ndio unaoendesha nusu ya hadithi! Kwa sababu hawawezi kukimbia mbali, wanajitosa katikati ya mawe makubwa yanayogongana angani. Kwa sababu ya mawe, wanajificha pangoni. Pango linageuka kuwa tumbo la mnyama. Wanatoka, wanajibanza kwenye mgongo wa manowari ya adui, halafu wanaelea pamoja na takataka zake. Hakuna tukio lililodondoka tu kutoka mbinguni. Kila mlango wanaotorokea unawaingiza kwenye chumba kibaya zaidi. Na humo humo, huku wakitengeneza nyaya na kutukanana, Han na Leia wanapendana. Mbio hazikusimama ili mapenzi yapate nafasi. Mapenzi yalipandia garini.

Huku upande wa pili, Luke Skywalker yuko kwenye kinamasi anafundishwa na Yoda, mzee mfupi wa kijani anayetembelea mkongojo. Ukimwona kwanza utasema ni mchekeshaji. Luke anaambiwa ainue chombo chake kilichozama, kwa nguvu ya akili tu. Anashindwa. Mzee anakiinua. Halafu Luke anaacha mafunzo kabla hayajakamilika ili akaokoe rafiki zake. Ni tendo la stelingi hasa, na ndilo linalomponza. Anapofika, Han ameshagandishwa kama samaki wa kwenye friza na amechukuliwa. Luke anapambana na Darth Vader, anakatwa mkono wa kulia, kisha anaambiwa kwamba huyu anayemchukia kuliko wote ndiye baba yake.

Kwa hiyo ni kweli, stelingi hakufa. Lakini ameondoka na nini? Hana mkono, hana rafiki, na hana tena ile picha ya baba aliyokuwa anaipenda. Yako mambo ambayo mtu hupoteza na akabaki hai, na mara nyingi ndiyo yanayouma zaidi. Hilo ndilo jibu langu kwa watu wa fasihi nzito.

Sisemi picha haina kasoro. Hesabu ya muda haikai sawa: mafunzo ya Luke yanaonekana ya majuma, mbio za Han zinaonekana za siku mbili tatu, na zote zinaisha pamoja. Leia ni karibu mwanamke pekee mwenye la kusema katika ulimwengu mzima. Na mwisho wake umekatwa. Ukitaka kujua ya Han ilikuwa lazima usubiri mpaka 1983. Ila mimi mwisho ule naupenda. Umeniacha na njaa, haujaniacha na hasira.

Mshikaji unayeandika, kuna jambo moja la jikoni ulijue. Rasimu ya kwanza iliandikwa na Leigh Brackett, mwanamke aliyeanzia kwenye magazeti ya bei rahisi ya hadithi za anga, kisha akashirikiana na William Faulkner kuandika sinema ya The Big Sleep ya 1946. Aliiwasilisha mapema 1978, na Machi mwaka huo huo akafariki kwa saratani. Lucas aliiandika upya, Lawrence Kasdan akaimalizia. Ndani ya rasimu ya Brackett, Vader hakuwa baba wa Luke. Ile siri inayojulikana dunia nzima ilizaliwa kwenye kurudia kuandika.

Kwa hiyo andika mbio zako, andika ngumi zako, na usimwombe mtu radhi. Ila kila ukimaliza pigano, mpekue stelingi wako mifukoni. Kama ametoka na kila kitu alichoingia nacho, lile halikuwa pigano, lilikuwa mazoezi ya viungo. Rudi ukaliandike tena.